Mguu Ambao Fundi Hakuupima

Fundi huyu wa nguo alikuwa na ukaidi mmoja ambao hakuna mteja aliyewahi kuuvunja. Akipima suruali, alipima mguu mmoja tu, wa kulia. Ukimuuliza wa kushoto je, alikutazama juu ya miwani yake na kukuuliza kama wewe uliumbwa na mafundi wawili. Ukicheka, ameshakupata. Ukinuna, alikuambia uilete suruali siku itakapokukataa, na haikukukataa, kwa hiyo ubishi ulikuwa wake.

Kiduka chake kilikuwa chembamba, kimebanwa katikati ya kinyozi na muuza dawa. Cherehani ilikaa mlangoni ili ipate mwanga, nyuma yake meza ndefu ya kukatia, kisha pasi, kisha pazia la kujaribia nguo na kioo kilichokatika kona. Zamani ungemsikia kabla hujamwona, maana mtu huyu alikuwa anaimba. Alikuwa na wimbo mmoja wa zamani ambao alijua ubeti wake wa kwanza tu. Akifika mwisho wa ubeti anarudi mwanzo, anazunguka nao kutwa nzima mpaka kinyozi anagonga ukuta kumwomba walau abadilishe sauti.

Halafu nguo zilizoshonwa tayari zikaanza kuuzwa kwa mafungu pale kwenye kona, na watu wakaacha kushonesha. Kazi ya fundi ikawa kubadilisha zipu na kupunguza pindo. Hakulalamika. Aliacha kuimba tu, na hata yeye mwenyewe sidhani kama alijua kwamba ameacha.

Mkewe alijua. Mama huyu alikuwa mpishi katika hospitali ya mji mwingine na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo ya nyumba aliyapata kwa simu kutoka kwa binti yao. Alimuuliza shule, alimuuliza chakula, kisha mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, alimuuliza: "Anaimba?" Na binti, ambaye hakupenda kudanganya, alijibu, "Bado, mama."

Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitano, na mtaa mzima ulimwita Sisimizi kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta ametulia. Alicheza soka na wasichana wa shule. Alicheza netiboli kwa shangazi yake. Ikitokea mbio za kupokezana vijiti, yumo. Ikitokea watoto wanaruka kamba barabarani, anaweka begi chini, anaingia kwenye kamba, halafu ndiyo anaendelea na safari aliyotumwa. Unga ulichelewa sana kufika nyumba ile.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa fundi, karani wa shule, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni hata siku zisizo na mchezo. Jioni aliwafundisha wasichana netiboli kwenye uwanja wa saruji nyuma ya madarasa, na Sisimizi ndiye alikuwa mfungaji wake. Alimshoneshea sketi ya bluu yenye marinda kwa fundi, na fundi akayapiga pasi marinda yale mpaka yakasimama yenyewe.

Basi ndipo alipokuja kocha wa soka. Alikuja na mwendo wake wa kuinamia upande mmoja, mwendo aliousema kila mara kuwa ni zawadi ya beki fulani mkorofi wa enzi zake. Akakaa kwenye stuli ya wateja, akapewa chai, akasema jambo lililomfanya fundi aondoe mguu kwenye pedali. Kuna kituo kikubwa cha kulea wachezaji wa kike, alisema, na watu wake watakuja kufanya majaribio mwisho wa muhula. Yeye anaandaa kikosi kidogo cha kupeleka. Na mguu wa kushoto kama wa Sisimizi hajauona kwa miaka mingi. Ila mtoto anajigawa mno. Leo soka, kesho netiboli, keshokutwa mbio, atafika lini? Wanaofika, alisema kocha, wanachagua kitu kimoja mapema na kukikalia, asubuhi na jioni, likizo na siku za shule.

Kocha hakuwa mtu mbaya, jamani, tusimwonee. Alisema alichokiamini. Fundi ndiye aliyekubali kabla chai haijapoa, na binti mwenyewe hakuulizwa. Aliambiwa jioni, akiwa anaosha vyombo, kwamba kuanzia sasa ni soka tu. Akasema, "Sawa, baba." Na kesho yake asubuhi, ile anapita dukani kwenda shule, akasikia cherehani inaenda na juu ya cherehani sauti ya baba yake, ubeti wa kwanza, mwisho, ubeti wa kwanza tena. Kinyozi aligonga ukuta. Wote wawili walikuwa wanacheka.

Shangazi alikuja juu. Alisimama mlangoni mwa duka na kumwambia mdogo wake kwamba mtoto si cherehani, ati umfunge mshono mmoja ashone huohuo kutwa. Mtoto bado anakua, alisema, kila mchezo unamfundisha kitu, kuruka kapata huku, kugeuka kapata kule, na zaidi ya yote anafurahi. Fundi akamjibu vibaya. Akamwambia kinachomuuma ni kumpoteza mfungaji. Dada mtu aliishika ile filimbi yake, akaitazama, akaondoka, na tangu siku hiyo akawa anazunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya duka.

Na fundi, kwa furaha yake, akafanya jambo jingine. Aliichukua ile sketi ya bluu, akaifumua, akaikata, akashona mfuko mzuri wa kuwekea viatu vya mpira, wenye kamba ya kuvuta mdomoni. Alimpa binti yake kama zawadi. Sisimizi aliupokea kwa mikono miwili. Mistari ya marinda ilikuwa bado inaonekana kwenye kitambaa, akaipitisha kidole, akashukuru kwa adabu, kama mgeni anavyoshukuru nyumba ya watu. Fundi aliiona adabu, akaifurahia.

Mazoezi yakawa mazoezi. Alfajiri kukimbia, jioni kupiga mashuti kwa mguu uleule wa kushoto, tena na tena, hata wenzake walipokwenda kunywa maji. Likizo ilipofika haikuwa likizo. Katikati ya likizo hiyo Sisimizi alimwomba baba yake suruali ya mazoezi, ndefu, tena iwe pana magotini. Alizoea bukta tangu utotoni, lakini sasa alitaka suruali. Fundi moyo wake ulijaa. Alidhani binti anakuwa mwanamke, anaanza kujistahi. Akampima mguu mmoja, wa kulia, akashona suruali pana yenye lastiki laini chini, na akaongeza mfuko ambao hakuombwa. Hakujua kwamba anashona maficho.

Dalili zilikuwepo, kwani macho hakuwa nayo? Aliona mtoto anapiga nguo pasi amekaa. Aliona anashuka ngazi ubavuubavu. Siku moja watoto walikuwa wanaruka kamba palepale mbele ya duka, Sisimizi akawapita akiwa ameshika unga, na unga ukafika mapema. Fundi akajiambia mtoto ametulia, amepata mwelekeo. Kila dalili aliipa jina zuri, na jioni aliimba.

Ikabaki wiki moja kufika majaribio. Kocha aliagiza suti za michezo za kikosi chote, na kwa mara ya kwanza tangu lini sijui, duka likajaa. Wasichana walijipanga mpaka kwa kinyozi. Fundi akawapima mmoja mmoja, mguu wa kulia, na kila aliyeuliza habari za wa kushoto alipata jibu lake la mafundi wawili. Walicheka mpaka wakashikana. Walipoondoka alibaki Sisimizi, wa mwisho, kwa sababu mtoto wa fundi siku zote ni wa mwisho.

Alisimama mbele ya meza, ameegemea mguu wa kulia. Fundi akapiga goti na tepu yake, akamwambia asimame wima, asimpindie kipimo. Sisimizi akagawa uzito kwenye miguu yote miwili, na fundi, aliyekuwa chini na anatazama juu, akauona uso wake. Ulikuwa ni mkunjo mdogo tu, umekuja na kuondoka, lakini aliujua, maana aliuona mara ya kwanza mtoto huyu alipochomwa sindano akiwa mchanga mikononi mwake.

Alipima goti la kulia kama alivyopima magoti ya watu maisha yake yote. Kisha akaihamisha tepu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, akaizungusha chini kidogo ya goti la kushoto. Vipimo havikulingana. Akadhani tepu imevutika, akarudia kulia, akarudia kushoto. Ndipo akaipandisha ile suruali pana aliyoishona mwenyewe, taratibu, na ndani yake akakuta bandeji, na chini ya bandeji uvimbe mgumu, wa moto, na mtoto akashtuka kabla hata haujaguswa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu likizo."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Sisimizi alikuwa ameishika ncha ya tepu, anaizungusha kidoleni.

"Ulikuwa unaimba," akasema.

Fundi hakuelewa.

"Mama huwa ananiuliza kila akipiga simu. Ananiuliza kama unaimba. Miaka yote nilikuwa namwambia bado. Halafu siku moja nikamwambia anaimba, mama. Akanyamaza, nikamsikia analia, lakini kile kilio kizuri. Nikaona goti linaweza kusubiri."

Fundi alikaa chini, palepale sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa na vumbi la chaki. Alikuwa ameudhani wimbo ni wake. Hakujua kwamba mke wake aliutafuta kwa simu mwezi hata mwezi, wala kwamba mtoto aliulipia kwa mguu. Alilia, na hakuficha. Sisimizi akakaa kando yake, mguu wa kushoto ameunyoosha.

Ndipo fundi akamuuliza swali ambalo alipaswa kumuuliza siku ile kocha anakunywa chai. Alimuuliza anapenda nini. Sisimizi alifikiri, kwa sababu ni mtoto asiyependa kudanganya.

"Soka naipenda, baba. Lakini niliipenda zaidi nilipokuwa naikosa. Siku za netiboli nilikuwa naikumbuka soka, siku za soka naikumbuka netiboli. Sasa hakuna ninachokikumbuka. Nimechoka tu."

Daktari aliwapokea kesho yake. Hakuwatisha. Alieleza kwamba mifupa ya mtoto anayekua bado ni laini pale msuli wa paja unapojishikiza, na huyu amepavuta pahali palepale, kwa namna ileile, kila siku, bila kupapumzisha. Apumzike. Baadaye arudi polepole, na akirudi asirudie mchezo mmoja kila siku ya Mungu, achanganye, mwili upate zamu. Fundi, maskini, akauliza kama hakuna sindano, au kitu cha kufunga, cha siku moja tu. Daktari alisema zipo njia za siku moja, kisha akamweleza siku zinazofuata zinavyokuwa. Sisimizi akadakia kwamba ataweza. Alimtazama baba yake anaposema hivyo, wala si daktari, na fundi akajua kwamba akinyamaza sekunde moja zaidi mtoto huyu atakwenda kukimbia kwenye goti lile kwa ajili yake.

"Hatakwenda," akasema fundi.

Kumwambia kocha ilikuwa kazi nyingine. Alimfuata uwanjani, wakasimama pembeni, wasichana wakikimbia. Kocha alisikiliza mpaka mwisho, uso umemshuka. Alisema ukweli, kwamba wale watu wa kituo huenda wasirudi mwaka kesho, na kwamba mguu ule ulikuwa umeshapata nafasi kabla ya majaribio. Fundi akasema anajua. Kisha akamuuliza, bila ubaya, yule beki aliyemvunja alikuwa nani hasa.

Kocha aliwatazama wasichana.

"Hakuna beki," akasema. "Hakuna aliyenigonga, fundi. Goti liliisha lenyewe."

Kocha akapuliza filimbi kabla ya wakati, akawaambia wasichana wakapumzike, na wasichana wakatazamana maana haijawahi kutokea.

Kutoka pale fundi alikwenda kwenye uwanja wa saruji. Hapo ndipo miguu ilimwia mizito, maana kumwomba radhi dada mkubwa si mchezo. Alimkuta anafunga wavu wa goli. Hakujua aanzie wapi, akaanzia katikati, akamuuliza kama nafasi ya mfungaji bado ipo.

"Mfungaji gani?" alisema shangazi bila kugeuka. "Nasikia hata kutembea hawezi." Habari zilikuwa zimeshapita njia ya nyuma.

"Daktari kasema baada ya muda ataanza kwa kurusha tu, amesimama."

"Kwani kwenye netiboli mfungaji anafunga anakimbia?" Shangazi akageuka, na fundi akaona kwamba na yeye macho yake yamelowa. "Mlete, mdogo wangu. Mlete hata kesho, akae na mimi kwenye benchi. Na sketi yake je?"

Fundi alitazama chini. Sketi ile aliikata kwa mkasi wake mwenyewe.

Siku ya majaribio ilikuja kama siku nyingine. Asubuhi Sisimizi alikaa dukani, mguu juu ya stuli ya wateja, anachomoa nyuzi kwenye mfuko wa viatu ambao baba yake aliufumua. Fundi alikuwa ameutandaza mezani na kuanza kuurudisha kuwa sketi. Haikutosha, bila shaka. Kitambaa kilikuwa kimekatwa na mtoto alikuwa ameongezeka. Basi akachukua kitambaa kilichokuwa cha suti ya michezo ya Sisimizi, ambayo haikuwa na safari tena, akakata ukanda, akautia ubavuni mwa sketi. Kabla ya kukata alimpima binti yake upya, akiwa amekaa, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Sisimizi akamuuliza kama siku hizi watu wanaumbwa na mafundi wawili. Fundi akamwambia anyamaze, na alikuwa anatabasamu.

Ndipo gari la kikosi likapita. Wasichana walikuwa ndani na suti zao mpya, wakamwona, wakapiga kelele jina lake, mikono imejaa madirishani. Kocha alikaa mbele, akainua mkono, akauacha juu mpaka gari likakata kona. Sisimizi aliwapungia wote. Aliendelea kupunga barabara ilipokuwa tupu, halafu mkono ukashuka mapajani, akainama, akarudia nyuzi zake. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka kidogo. Fundi alisimamisha cherehani.

Simu ikaita. Alikuwa mama, ametoka jikoni kwa dakika chache, sauti za masufuria nyuma yake. Aliuliza goti limeamkaje. Aliuliza kama amekula. Aliuliza kama amelia, na Sisimizi, kwa kuwa hapendi kudanganya, akasema ndiyo, sasa hivi. Mama akambembeleza kwa maneno ambayo fundi hakuyasikia. Kisha sauti ya mama ikashuka, na fundi akajua swali gani linakuja, maana sasa alikuwa ameshaambiwa. Akamwona binti yake anainua macho, anamtazama, simu sikioni, hajui ajibu nini.

Fundi akaweka mguu kwenye pedali. Hakukuwa na kituo cha soka, hakukuwa na ushindi, hakukuwa na chochote mle ndani isipokuwa mtoto wake na goti na sketi ambayo haijakwisha. Akafungua mdomo. Sauti ilitoka imekwaruza, ikakatika, akaipandisha tena, akauimba ubeti wa kwanza mpaka mwisho. Hapo akakwama. Hakuweza kurudi mwanzo.

Sisimizi akampokea. Aliuanza ubeti upya, kwa sauti yake nyembamba yenye kamasi, na simu akainyoosha mbele, katikati yake na cherehani, ili mama asikie vizuri. Kinyozi hakugonga ukuta.